Buibui la Kuoshea Filamu

Saumu, mjukuu wangu, na nyinyi wenzake wawili mliokaa sebuleni kwangu Jumamosi nzima mkinipekulia makabati kama askari wa forodha: mmeniomba niwaandikie namna ya kuosha filamu nyumbani. Nimekubali, ila kwa sharti moja. Mtasoma mpaka mwisho, hata pale ninapotoka nje ya somo, maana nitatoka sana. Nimefanya kazi ya picha zaidi ya miaka thelathini, hapa Mtongwe, Likoni, na ng'ambo, na sijawahi kumfundisha mtu kitu bila kumsimulia kwanza jinsi nilivyokiharibu.

Nilidhani kazi hii imekufa. Simu zilipokuja, kila mtu akawa mpiga picha, nami nikafunga vyombo vyangu kwenye sanduku la bati nikaweka juu yake mto wa kukalia. Miaka yote hiyo wageni wamekalia kazi yangu bila kujua. Kisha mkaja nyinyi na kamera ya chuma ya marehemu babu wa mwenzenu, mkaniuliza kwa adabu kabisa kama ni kweli nilikuwa nikiosha picha kwa buibui. Nilicheka mpaka Saumu akaniletea maji. Nimefurahi, wanangu. Sitaki kujifanya.

Ni kweli. Na kabla sijawaeleza vipi, niwaeleze kwa nini.

Siku ya kupamba, mnajua wenyewe, bibi harusi huwekwa kitini mbele ya wanawake peke yao, kichwa wazi, nywele zimefukizwa udi, hina mpaka viwikoni, dhahabu ya ukoo mzima shingoni. Hapana mwanamume anayekanyaga pale. Basi hata mkipata mwanamke wa kupiga picha, filamu nani ataiosha? Wakati huo studio zote nilizozijua, waoshaji walikuwa wanaume. Nyumba nyingi zikaona bora kukosa picha kuliko binti yao kutazamwa na fundi asiyemjua. Mimi nikaona hapo pana mlango. Nikipiga mwenyewe, nikaosha mwenyewe, nyumbani kwangu, nikakabidhi picha pamoja na filamu yake mkononi mwa mama mtu, nani atalalamika?

Aliyenifundisha ni Mzee Karisa, aliyekuwa na studio ndogo Changamwe, nyuma ya soko. Wateja wake wakubwa walikuwa vijana wa Kipevu waliotaka picha za vitambulisho. Aliniajiri niandike majina kwenye bahasha. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kicheko chake kilichelewa. Ungemwambia jambo la kuchekesha leo, akalicheka kesho asubuhi anapofungua mlango, peke yake, wewe umeshasahau.

Nilipomwambia nataka kujua kuosha, hakunipeleka kwenye dawa. Alinipa filamu iliyoharibika na kigurudumu cha plastiki, kile chenye mifereji ambacho filamu hujizungusha ndani yake, akaniambia niipande humo mferejini, kisha niipandue. Wiki ya kwanza macho wazi. Wiki ya pili macho nimefumba. Wiki ya tatu mikono chini ya meza huku nikiwajibu wateja. Mteja mmoja alimuuliza Mzee Karisa kwa upole kama binti huyu ana ugonjwa wa kutetemeka.

Nanyi fanyeni hivyohivyo. Mkiharakisha, filamu itakwama katikati gizani, mtaanza kutoka jasho, na jasho la vidole likigusa filamu ndilo litakaloonekana kwenye picha, wazi kuliko pua ya mtu. Jasho likianza, acheni. Wekeni filamu ndani ya tangi, kile chombo kisichoingiza mwanga, funikeni, tokeni nje mkapunge upepo. Filamu iliyofunikwa haina haraka.

Sasa buibui, ambalo ndilo giza letu, maana filamu isiyooshwa haivumilii mwanga hata kidogo. Chukua buibui zito jeusi, la zamani, lisilo na nakshi, na jingine kama hilo ulivae ndani yake. Namaanisha ulivishe hilo la kwanza, si wewe. Funga shingo zote kwa uzi. Tia ndani tangi, kigurudumu, mkasi, kikopo cha filamu na kifunguo cha soda cha kubandulia kifuniko cha kikopo. Kunja pindo la chini mara tatu ulifunge kwa vibanio. Kisha ingiza mikono yako kupitia mikono ya buibui, ukianzia kwenye vifundo, na ufunge raba mbili juu ya kila kiwiko. Umekaa kitandani umempakata mtu asiye na kichwa. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliingia siku ya kwanza akanikuta hivyo, akatoka, akaenda kumuuliza mama yangu kama kwetu kuna watu wenye wazimu.

Na saa za mkononi vueni. Saumu, nakutaja kwa jina. Hiyo saa yako inayowaka kila ukigeuza mkono ndiyo iliyotia ukungu filamu yenu ya kwanza, wala si dawa kuwa kuukuu kama ulivyowaambia wenzako.

Joto ndilo adui wa pili. Vitabu vya kazi hii viliandikwa na watu wa baridi. Vinasema dawa iwe nyuzi ishirini. Hapa Likoni maji ya bomba saa sita mchana unaweza kuyachovyea majani ya chai. Mimi kwa ujuaji wangu nikawa nakwenda kwa wauza samaki kununua barafu, nikaipoza dawa mpaka ikafika ishirini barabara, kisha nikasuuza filamu kwa maji ya mtungi yaliyo vuguvugu. Filamu ikakunjamana ngozi yake kama maziwa yanapoanza kuganda juu. Na ikanuka changu. Paka wa jirani walikaa mlangoni kwangu siku mbili.

Mzee Karisa alipoiona alisema nisigombane na joto. Filamu haichukii joto kama inavyochukia kugeuziwa joto. Tia dawa zote na maji ya kusuuzia ndani ya beseni moja la maji, vyombo vikae humo nusu saa mpaka vyote vifanane, pima kwa themometa, halafu upunguze dakika za dawa ya kwanza kadiri joto lilivyozidi. Kwenye karatasi ya dawa mna jedwali la dakika. Kama joto limezidi hata jedwali, hapo poza, lakini poza vyote pamoja. Akacheka ile harufu ya changu siku iliyofuata.

Kazi yenyewe ni fupi. Dawa ya kwanza hutoa picha. Unaimimina ndani ya tangi, unapindua tangi taratibu mara nne tano kila baada ya dakika, unaligonga chini kidogo ili mapovu yatoke. Ukilitikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi utapata picha ngumu, nyeupe na nyeusi bila kitu katikati. Kisha maji yenye siki kidogo, kuikomesha ile dawa. Kisha dawa ya kugandisha, ambayo baada yake filamu haiogopi tena mwanga. Kisha maji, maji, maji. Msitumie ya kisima; visima vyetu huku vina chumvi, na chumvi ikikauka juu ya filamu utadhani bibi harusi alinyeshewa mvua ya mawe. Mimi nilikinga maji ya mvua kwenye mapipa. Suuzo la mwisho tieni tone moja la sabuni ya vyombo. Tone, si kijiko. Halafu tundikeni kwa vibanio, kimoja juu, kimoja chini cha kuivuta, mahali pasipo vumbi, na mtu asifukize udi nyumba nzima mpaka ikauke.

Mmeniuliza ni kosa gani kubwa kuliko yote nililowahi kufanya. Hamkulipata jibu siku ile kwa sababu nilitaka kuliandika vizuri.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu alikaa Bi Mwanakombo. Alimlea mjukuu wake Zuhura tangu yuko kwenye maziwa, na Zuhura alipofika umri, yeye mwenyewe ndiye aliyemchagulia mume, kijana wa watu wema wa Kisauni. Zuhura aliulizwa, akanyamaza kwa haya, na kunyamaza kwa mwari huhesabiwa ndiyo. Mambo yakaenda. Wiki mbili kabla ya harusi Bi Mwanakombo akateleza kwenye sakafu ya jikoni akavunjika nyonga. Kupamba kulikuwa kufanyike Kisauni, ukumbini, na yeye hawezi hata kugeuka kitandani, seuze kuvuka feri.

Akaniita. Nilimkuta amelala chali, sahani ya wali pembeni haikuguswa. Mkaza mwana wake alinong'ona mlangoni kwamba tangu aanguke ndiyo hali hiyo, chakula kinaingia na kutoka.

"Rukia," akaniambia, "wengine wanataka picha wajionyeshe dhahabu. Mimi dhahabu naijua, nimeivaa. Nataka unitazamie jambo moja. Nilimchagulia mimi. Hakunijibu. Na tangu tupange siku, mtoto hali chakula. Nataka kujua ameridhika au nimemtia shimoni."

Nikamwambia nitamletea picha thelathini na sita aangalie mwenyewe. Wallahi nilisema kwa majivuno. Sikufikiri kwamba siku ile bibi harusi hukaa ameinamisha macho, mdomo umefungwa, asicheke wala asimwangalie mtu, kwa sababu ndivyo anavyofundwa. Ungempiga picha elfu usingejua yaliyomo ndani yake.

Nilikwenda Kisauni nimevaa buibui jipya, la hariri, na nikapiga kazi safi. Zuhura kitini, Zuhura na wifi zake, Zuhura anatunzwa, Zuhura anafukizwa. Macho chini picha zote. Uso kama maji ya mtungi yaliyotulia. Nilianza kuingiwa na wasiwasi nami, nikawa namzungukia kutafuta hata pembe ya mdomo iliyoinuka, sikuipata.

Wageni walipoondoka zilikuwa zimebaki picha tatu kwenye filamu. Mzee Karisa alinifundisha kutoosha filamu isiyokwisha, na mimi nilitaka kuiosha kesho yake. Basi nikapiga ovyo ovyo, ili tu iishe. Moja nikapiga kiti kitupu. Nyingine nikapiga milima ya viatu mlangoni. Ya mwisho nikageukia chumba cha ndani bila hata kupima mwanga vizuri, nikabonyeza, nikafunga kamera nikaenda zangu.

Siku ya pili saa sita mchana nikakaa kitandani na kazi yangu. Buibui langu zito la kuoshea filamu lilikuwa limefuliwa, pamoja na la ndani yake, liko kambani, bado bichi, kwa sababu mtoto alilimwagia mchuzi. Bi Mwanakombo alishatuma mtu mara mbili kuuliza. Nikasema si neno, nikalichukua lile jipya la harusi. Lilikuwa jeusi tititi. Kifuani lilikuwa na nakshi za lesi, lakini ndani ya lesi lilishonewa kitambaa cheusi chembamba, na mwilini huoni hata nuru ya sindano. Nikaona linafaa.

Ile filamu ilinisumbua kupanda. Hariri inateleza, kigurudumu kinanikimbia, nikawa nahangaika nacho palepale kifuani, juu ya lesi, huku jua la dirishani likinipiga. Dakika kumi nzima. Kipande cha mwisho tu ndicho kilichosalimika, kwa kuwa kilikuwa bado kimejikunja kwenye kijiti chake ndani ya ngumi yangu, chini kwenye mkunjo wa pindo. Kilipofika zamu yake kiliingia chapuchapu, nikafunika tangi.

Nilipotoa filamu kutoka kwenye maji ilikuwa nyeusi. Nikaivuta. Nyeusi. Nikaendelea kuivuta kama mtu anayevuta kamba ya ndoo iliyokatika, anajua hakuna ndoo lakini mikono inaendelea. Nyeusi kama mkaa, Zuhura kitini, Zuhura na wifi zake, Zuhura anatunzwa, vyote vimekwenda. Nikalia, wanangu. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto wawili na nilikaa sakafuni chooni nikalia kwa kwikwi.

Kisha nikafika mwisho wa filamu nikaona madirisha matatu yenye picha ndani. Hicho kiti, hivyo viatu, na hiki cha tatu sikukijua ni nini. Kwenye filamu, kama mlivyoona, kilicho cheupe huonekana cheusi, na sura za watu ni kama za mashetani. Niliona mikono na mdomo.

Nyumbani kwangu nilikuwa naosha filamu tu. Karatasi nilikwenda kuzichapisha kwa Mzee Karisa, penye mashine ya kukuzia. Mtasema, na huyo si mwanamume? Ndiyo. Tulikuwa na utaratibu wetu. Yeye aliniwashia taa nyekundu, akaniwekea dawa kwenye trei, kisha akatoka akakaa kwenye kigoda nje ya pazia, mgongo kwangu, uso sokoni. Akaniongoza kwa sauti. Miaka yote niliyofanya picha za kupamba hakuwahi kuiona hata moja, na nyingi katika hizo zilitoka nzuri kwa sababu yake.

Siku ile nilimwambia kila kitu kutoka ndani ya pazia, hata lesi.

"Hizo tatu zina ukungu?" akauliza.

"Hii ya mwisho kidogo, pembeni."

"Basi iache pembeni. Fungua mwanga, hesabu mpaka nane, funga. Tia karatasi kwenye dawa, uso chini kwanza, kisha igeuze. Na usiitoe mapema kwa sababu ya woga."

Nikahesabu, nikaigeuza. Kwanza hakuna kitu, karatasi nyeupe inaelea. Kisha nyusi. Hilo ndilo jambo la kazi hii ambalo sitaweza kuwafundisha, mtaliona wenyewe: picha haiji kutoka upande mmoja, inakuja yote pamoja, kama mtu anayekuamkia kutoka ndani ya nyumba. Nyusi, hina ya vidole, mkufu mmoja uliosahaulika kuvuliwa. Nikaanza kucheka peke yangu mle ndani. Mzee Karisa akauliza kuna nini. Nikamwambia siwezi kukwambia, ni siri ya wanawake, lakini ni nzuri. Akasema basi iache sekunde kumi zaidi.

Nilivuka feri kurudi kwa Bi Mwanakombo na bahasha kifuani. Furaha ya mle ndani ilikuwa imeniishia njiani, kwa sababu niliahidi thelathini na sita na nilikuwa nimebeba moja. Nikapiga hodi, nikamwamkia, akaitikia marahaba huku mkono umeshanyooshwa. Sikumpa. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamwambia kweli: filamu nimeiunguza kwa mwanga, kosa ni langu, si la mtu mwingine, kitini hakuna hata moja iliyobaki. Alinitazama. Mkaza mwana wake aliyekuwa mlangoni na sahani ya chakula akaishika vizuri isimwanguke.

"Na hiyo ni nini?" akasema.

Nikampa.

Akaisogeza karibu, akaipeleka mbali, akaitisha miwani. Kwenye picha ile Zuhura alikuwa ameketi chini kwenye mkeka wa chumba cha ndani, taji limetupwa, miguu kaikunjua mbele yake kama mtoto. Mkono mmoja ulikuwa na tonge la pilau, kubwa, la mtu mwenye njaa, na punje zimemwanguka kwenye nguo ya harusi. Macho hayakuwa chini. Alikuwa anamtazama mtu asiyeonekana kwenye picha, na alikuwa anacheka mdomo wazi, mashavu yamejaa chakula.

Bi Mwanakombo aliitazama muda mrefu sana.

"Anakula," akasema.

"Anakula, bibi."

"Kwa mkono mzima."

"Alimaliza sinia, walivyoniambia wifi zake."

Akacheka. Alicheka mpaka nyonga ikamuuma, akashika kitanda, akaendelea kucheka huku machozi yanamtoka na anasema auu, auu. Akaniambia zile za kitini hazitaki hata kama zingekuwapo, mtu hawezi kuusoma mlango uliofungwa. Akaiweka picha kifuani, akajivuta kidogo juu ya mto. Tangu aanguke hakuwa amejaribu kujivuta.

Kisha akamgeukia mkaza mwana wake pale mlangoni.

"Hebu leta hiyo sahani," akasema, "na Rukia naye mpakulie."

Nikaenda kunawa mikono, mara mbili kwa sababu ya ile dawa, nikarudi nikala naye.